Raspberry Pi imelala kwenye droo: niipe kazi gani?

Swali: Habari fundi. Mwaka 2018 nilinunua Raspberry Pi 3 Model B, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja yenye RAM ya GB 1, nikitegemea iwe kompyuta ya nyumbani. Ilinitesa. Nikifungua kurasa tatu kwenye kivinjari inaganda, video zinakwamakwama, na mara mbili mfumo uligoma kabisa kuwaka. Nikaitia droo. Kila nikitafuta cha kuifanyia naletewa orodha ya vitu hamsini, vingi vya kuchezea tu: kioo kinachoonyesha saa, roboti ya kufuata mstari, michezo ya zamani. Mimi si mtoto wa shule na sina muda wa maonyesho. Kuna kazi yoyote ya maana kwa huu ubao, au niuuze?

Jibu: Salama, ndugu yangu. Usiuuze kwanza. Ubao wako hauna kosa, ila uliajiriwa kazi isiyo yake.

Eben Upton na wenzake wa Cambridge, Uingereza, walipoutoa ubao wa kwanza Februari 2012, walitaka vijana wapate kifaa cha bei nafuu cha kujifunzia programu, kifaa ambacho hata kikiharibika mzazi halii sana. Nia yao haikuwa kuziondoa kompyuta mezani. Pi 3 yako ina prosesa ya viini vinne ya GHz 1.2, ambayo kwa kazi ndogo inatosha na kubaki. Lakini kivinjari cha siku hizi kinaweza kuimaliza GB 1 ya RAM kwa kurasa chache tu, na ikishaisha mfumo unaanza kuitumia kadi ya kumbukumbu, ile ndogo iliyobeba mfumo wenyewe, badala ya RAM. Kadi hiyo ni ya mwendo wa kobe. Hapo ndipo uliona inaganda.

Sasa tazama upande wa pili. Ubao huo huo kwa kazi nyepesi unakula wati 3 hivi. Ukiuacha umewaka mwaka mzima bila kuuzima, ni kama uniti 26 za umeme. Kompyuta ya mezani ya wati 60 ikiachwa vivyo hivyo inakula zaidi ya uniti 500. Pi haina feni, haipigi kelele, inakaa nyuma ya ruta bila mtu kujua ipo, na ndani yake kuna Linux kamili, yaani mfumo endeshi wa kompyuta. Basi mimi nikiulizwa kazi ya Pi huwa najibu kwa swali: ni kitu gani ungependa kiendelee kufanyika wakati umelala au umetoka? Kazi yoyote inayohitaji wewe uketi mbele ya skrini, mpe laptopu. Kazi ya kukesha, mpe Pi. Huyu ni mlinzi wa usiku, nawe ulimpa usukani wa lori.

Kabla ya kazi zenyewe, tumalize lile la mfumo kugoma kuwaka mara mbili, maana ukilipuuza utaweka kila nitakachokwambia na kitakufa baada ya wiki. Je, ulikuwa unaona alama ya radi ya njano pembeni mwa skrini? Naweka dau uliiona. Ile si pambo. Inatokea umeme unaoingia ukishuka chini ya volti 4.63 hivi, wakati ubao unataka 5. Pi 3 inataka chaja ya volti 5 na ampea 2.5, na watu wengi huichomeka kwenye chaja ya simu iliyobaki nyumbani, kwa kebo nyembamba iliyochoka. Chaja inaweza kuwa nzima lakini kebo ikainywa ile volti njiani. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza wikiendi nzima nikisakinisha mfumo upya mara nne, nikailaumu kadi, nikanunua nyingine, nayo nikailaumu. Kumbe ni kebo. Nilipoibadilisha, ile kadi ya kwanza niliyoitukana inafanya kazi mpaka leo.

Kuna namna ya kujua bila kubahatisha. Andika kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

vcgencmd get_throttled

Ikijibu throttled=0x0, umeme wako ni safi tangu ulipowasha. Ikijibu 0x50000, maana yake umeme ulishuka wakati fulani na prosesa ikapunguzwa kasi, ingawa sasa hivi hali ni nzuri. Ikijibu 0x50005, inatokea sasa hivi unavyosoma.

Adui wa pili ni kadi yenyewe. Kadi za kumbukumbu zina kikomo cha kuandikwa, na Linux inapenda kuandika: kumbukumbu za mfumo, faili za muda, kila dakika kitu. Ukiongeza na tabia ya kuchomoa waya ghafla katikati ya kuandika, ndiyo hiyo asubuhi haiwaki. Pi 3 haina kitufe cha kuzimia, kwa hiyo zima kwa sudo poweroff, subiri taa ya kijani iache kupepesa, halafu ndiyo uchomoe. Kwa kazi ambayo haihitaji kuandika chochote, ndani ya raspi-config, menyu ya mipangilio ya Pi, kuna mpangilio wa overlay unaoifanya kadi isomwe tu, na mabadiliko yote yanakaa kwenye RAM hadi ukizima. Ukiuwasha huo, hata umeme ukikatika mara kumi kwa siku kadi haijali.

Haya, kazi.

Ya kwanza ambayo ningeiweka leo jioni ni Pi-hole, programu ya kuzuia matangazo, kwa sababu kila mwenye simu hapo nyumbani ataiona faida yake bila kuguswa simu yake. Inafanya kazi hivi. Kila simu inapotaka kufungua tovuti, kwanza huuliza seva ya DNS: jina hili liko kwenye anwani ipi? Ukurasa mmoja wa habari unaweza kuuliza majina kadhaa, na mengi si ya habari uliyoifuata, ni ya matangazo na ya wanaokufuatilia nyendo. Pi ikikaa katikati, inalilinganisha kila jina na orodha yake. Jina la kawaida linapita. Jina la matangazo linajibiwa 0.0.0.0, yaani hakuna kitu hapo, na simu inaendelea na mambo yake. Tangazo halipakuliwi kabisa, kwa hiyo hata bando linapumua kidogo. Kazi yote hiyo haifikii hata robo ya nguvu ya ubao wako.

Mambo matatu uyajue ili usije kunilaumu. Matangazo ya YouTube hayatazuilika, kwa sababu yanatoka kwenye majina yale yale yanayoleta video. Ukiyafunga umefunga na video. Simu iliyowekewa DNS yake binafsi kwenye mipangilio itaipita Pi pembeni kama haipo. Na la tatu, lililonifundisha adabu: siku Pi ikizima, nyumba nzima haina intaneti, ingawa intaneti ipo. Niliwahi kuichomoa niipanguse vumbi, na kabla sijaifuta sehemu moja tayari nilikuwa naitwa kutoka vyumba vitatu. Ndiyo maana ya kuanza na umeme na kadi. Ndani ya ruta, itengee Pi anwani moja isiyobadilika, kisha uambie ruta iwape vifaa vyote anwani hiyo kama DNS. Itumie kwa kebo ya mtandao, si Wi-Fi. Na iandike kwenye karatasi namna ya kurudisha DNS ya zamani, uibandike kwenye ruta, ili usipokuwepo mtu mwingine ajisaidie.

Kazi ya pili ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotumia kitu ambacho laptopu yako haina: zile pini 40 pembezoni mwa ubao. Tuseme una friza. Unataka kujua kama inashika nyuzi 18 chini ya sifuri usiku kucha, na uambiwe ikishindwa kabla nyama haijaanza kutoa maji.

Chukua kihisi joto aina ya DS18B20, kile kilichofungwa ndani ya kichuma kisichopitisha maji, chenye waya wa mita moja au zaidi. Kinapima kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri hadi 125. Kina nyaya tatu: mwekundu unakwenda pini ya 1, ambayo ni volti 3.3, mweusi pini ya 9, ambayo ni ardhi, na ule wa data, mara nyingi njano, pini ya 7. Kati ya wa data na mwekundu unaweka resista ya ohm 4,700. Bila hiyo resista hutasoma kitu. Usiuchomeke mwekundu kwenye pini ya volti 5 ukidhani utapata nguvu zaidi. Pini za Pi zinavumilia volti 3.3 tu, na hakuna fyuzi ya kukuokoa: zikipata 5, pini imekufa, na wakati mwingine na prosesa imeifuata.

Washa 1-Wire, njia ambayo kihisi hiki hutumia kuongea na Pi, ndani ya raspi-config, washa upya, kisha nenda kwenye /sys/bus/w1/devices. Utakuta kabrasha linaloanza na 28, hicho ndicho kihisi chako, kila kimoja na namba yake. Ndani yake kuna faili la w1_slave. Ukilisoma linakupa mistari miwili. Wa kwanza unaishia na neno YES, maana yake data imefika salama. Wa pili unaishia na kitu kama t=-17812. Gawa kwa elfu moja: nyuzi 17.8 chini ya sifuri. Hakuna programu ya kununua. Joto ni faili, unalisoma kama unavyosoma barua. Siku moja utaona t=85000. Usikimbie na ndoo ya maji. Hiyo ni namba ambayo kihisi huanza nayo kinapowashwa kabla hakijapima. Mara nyingi ni waya uliolegea. Itupe na usome tena. Na kwa kuwa vihisi bandia ni vingi, kabla ya kukiamini kitumbukize kwenye glasi ya barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, ukoroge, usubiri dakika chache. Kikisema sifuri, au kikikosea kwa nusu nyuzi huku au huku, ni kizuri.

Andika skripti ndogo, iite kwa cron, kipanga ratiba cha Linux, kila baada ya dakika tano, ihifadhi saa na joto kwenye faili. Baada ya siku mbili chora grafu. Utaona meno ya msumeno: mota ya friza ikiwaka joto linashuka, ikizima linapanda. Friza nzima ina meno mapana yaliyotulia. Ya kwangu ilianza kuwa na meno membamba yanayobanana, yaani mota inawaka mara kwa mara kuliko kawaida, huku nyama bado ni jiwe na mkononi huhisi tofauti yoyote. Nikapitisha kipande cha karatasi kwenye ukingo wa mlango, kikapita bila kushikwa: raba ya mlango ilikuwa imekakamaa upande wa chini. Nikabadilisha raba, meno yakarudi. Bila ule ubao ningeligundua kwenye bili.

Sasa mtego. Pi 3 haina saa yenye betri yake. Inapowaka inaanzia saa iliyokumbuka mwisho, kisha inarekebisha kwa intaneti. Umeme ukikatika usiku na intaneti ikachelewa kurudi, rekodi zako zitadanganya. Kuna asubuhi faili langu lilisema umeme ulirudi saa nane usiku, wakati mimi mwenyewe nilikuwa macho saa kumi na moja gizani. Dawa ni kipande kidogo cha saa aina ya DS3231 chenye betri ya kidonge, kinakaa juu ya pini. Pi 5, iliyotoka 2023, imewekewa saa ndani, ingawa betri yake unanunua pembeni. Na kumbuka, Pi ikizimwa na umeme ule ule uliozima friza haiwezi kukupigia kelele. Ukitaka taarifa ya kukatika umeme, Pi na ruta vyote viwe kwenye betri ya akiba.

Ili niwe mkweli: kama unachotaka ni kusoma joto tu na kutuma namba, Raspberry Pi Pico W au ESP32, vibao vidogo zaidi vyenye Wi-Fi, inaifanya kazi hiyo kwa umeme kiduchu zaidi, haina kadi ya kuharibika, na inawaka papo hapo. Fundi mzuri hutumia hivyo viwili pamoja, vidogo vikisoma na Pi ikitunza rekodi na kuchora grafu. Lakini wewe Pi unayo tayari, anza nayo.

Ya tatu, kuhifadhi nakala za mafaili. Unaunganisha diski ya nje, unaweka Samba ili laptopu zote zione kabrasha moja, na usiku rsync inanakili kilichobadilika. Usitegemee kasi. Mtandao wa kebo wa Pi 3B ni Mbps 100, na unapita njia moja na USB, kwa hiyo hesabu MB 11 kwa sekunde siku ikiwa njema. Video ya GB 4 ni dakika sita. Mchana utakereka, usiku nani anahesabu? Diski ya kuzunguka iwe na umeme wake yenyewe, maana ukiichomeka moja kwa moja kwenye Pi ile radi ya njano itarudi. Na hiyo iwe nakala ya pili au ya tatu ya picha zako. Ikiwa ndiyo pekee, hujahifadhi nakala, umehamisha tu mahali pa kupotezea.

Kama una uhusiano na shule au kituo cha vijana chenye intaneti ya kubabaisha, basi ya nne huenda ikawa ndiyo ya maana kuliko zote: maktaba isiyohitaji intaneti. Kiwix inakuwezesha kupakua Wikipedia, ikiwemo ya Kiswahili, na kuihudumia kutoka kwenye Pi. Kolibri inabeba masomo, video na mazoezi, na inamwonyesha mwalimu nani amefika wapi. Wanafunzi wanaunganisha simu au tableti kwenye Wi-Fi ya Pi na kusoma kwa kivinjari cha kawaida. Wi-Fi ya ndani ya ubao ni ya GHz 2.4 tu na antena yake ni kipande kidogo, inamudu vifaa vichache. Darasa zima linataka ruta pembeni, Pi ikibaki kuwa seva. Hapo ndipo nimeona ubao huu ukiheshimika kuliko mahali pengine popote, ingawa Pi mbili za toleo la kabla ya hili lako zilipelekwa hadi kituo cha anga za juu mwaka 2015 kuendesha programu za watoto wa shule.

Nyingine nazipitia haraka. Printa ya zamani ya USB inaweza kuwa ya mtandao kwa programu ya CUPS, kazi ya nusu saa. Skrini ya matangazo mapokezini, inafaa sana, hiyo ndiyo kazi ambayo Pi nyingi zinaifanya kimyakimya maofisini. WireGuard, njia ya siri ya kukuingiza kwenye mtandao wa nyumbani ukiwa safarini, nzuri, mradi mtoa huduma wako wa intaneti anakupa anwani inayofikika kutoka nje. Kamera moja ya mlangoni, sawa. Kamera sita zenye kutambua sura, hapana. Kusambaza sinema kwa Jellyfin, ni sawa kama faili linachezwa lilivyo. Likihitaji kubadilishwa umbo njiani, Pi 3 itatoka jasho, na kwa kazi hiyo ni heri kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika.

Jambo la usalama moja tu. Kadi yako ya 2018 karibu hakika ina mtumiaji anayeitwa pi na neno la siri raspberry, ambalo dunia nzima inalijua. Watengenezaji wenyewe waliliondoa kwenye toleo la Aprili 2022. Usiiunganishe ile kadi kwenye mtandao kama ilivyo. Tumia Raspberry Pi Imager kuandika mfumo upya, chagua toleo la Lite lisilo na skrini ya madirisha, na humo humo kwenye Imager weka jina lako, neno lako la siri, na uwashe SSH, njia ya kuipa Pi amri kupitia mtandao. Hutahitaji skrini wala kibodi. Utaingia kutoka laptopu. Wewe utashangaa ubao ule ule uliokuwa unaganda ukiwaka na kutumia sehemu ndogo tu ya ile GB 1.

Kwa hiyo jioni ya leo: kadi mpya, mfumo Lite, Pi-hole, kebo ya mtandao. Iache wiki mbili bila kuigusa. Ikikesha wiki mbili, ongeza kihisi cha friza. Rangi za ile resista ni njano, zambarau, nyekundu. Na kila siku ya tatu endesha ile amri ya vcgencmd. Ikijibu 0x0, endelea. Ikijibu 0x50000 au 0x50005, badilisha kebo kabla hujaniandikia.